Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi

Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi ni malipo ambayo mwajiri wa Tanzania Bara hutoa kila mwezi, kwa asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa, ili kugharimia mafunzo ya kazi nchini. Wahasibu wengi huiita SDL. Hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) sambamba na kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara, na mwisho wa kuilipa ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3.5. Mfanyakazi hakatwi tozo hii. Mwajiri huitoa mfukoni mwake, juu ya mshahara. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, ilhali kabla ya 2021 kikomo kilikuwa wanne. Balozi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na idara za serikali zisizofanya biashara zimesamehewa. Mkulima naye amesamehewa kwa watu wake wanaofanya kazi ya shamba tu.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 ambao mishahara yao kwa jumla ni Sh12,000,000 kwa mwezi atapeleka TRA Sh420,000. Juu ya hizo bado kuna michango ya hifadhi ya jamii na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ndiyo maana Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) kimekuwa kikiomba mwaka baada ya mwaka kwamba kiwango kishushwe, na kimeshuka kweli: kilifika asilimia 6, kikawa 5 mwaka 2013, kikawa 4.5 mwaka 2016, kisha kikaendelea kushuka hadi hapo kilipo.

Asili

Wazo la kutoza mishahara ili kufundisha mafundi halikuanzia Afrika Mashariki. Brazil ilianzisha SENAI mwaka 1942, chombo cha mafunzo kinacholishwa na asilimia 1 ya mishahara ya viwandani na kusimamiwa na wenye viwanda wenyewe. Kenya ilipata Sheria ya Mafunzo ya Viwandani mwaka 1959, bado chini ya ukoloni, na kifungu cha tozo kikaongezwa mwaka 1971. Tanzania ilitunga sheria yake ya kwanza ya mafunzo ya ufundi stadi mwaka 1974, lakini mafunzo yalibaki idara ndani ya wizara ya kazi, yakitegemea Hazina na wahisani. Kijana aliyetaka kuwa fundi mitambo au fundi umeme alikuwa na mlango mwingine: mashirika makubwa ya umma, yaliyoajiri na kufundisha kwa wakati mmoja.

Miaka ya 1990 mlango huo ulianza kufungwa. Mashirika yalibinafsishwa au yalifungwa, na mwekezaji mpya alitaka fundi aliyekwisha kuiva, asiwe na jukumu la kumfundisha. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya 1994 ilikuwa jibu kwa hali hiyo. Iliunda mamlaka ambayo wananchi wote wanaijua kwa jina la VETA, ikaipa bodi yenye sauti ya serikali, ya waajiri na ya wafanyakazi, na ikaipa chanzo chake cha fedha: asilimia 2 ya mishahara. Mwajiri angelipa, na mwajiri huyohuyo angekaa mezani kuamua kifundishwe nini. Ulikuwa mpango wa haki, na ni vyema kuukumbuka unapopima yaliyofuata.

Theluthi tatu

Tozo ilipofika asilimia 6, mgawanyo wake ulikuwa theluthi moja kwa VETA na theluthi mbili kwa Hazina, na fungu hilo la pili ndilo lililokuja kuhusishwa zaidi na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Theluthi moja ya 6 ni 2, hivyo VETA ilibaki pale ilipokuwa mwaka 1994 na hakuna aliyeona kasoro. Lakini kiwango kikishuka huku mgawanyo ukibaki uleule, fungu la ufundi linasinyaa nacho. Turudi kwa mwajiri wetu. Katika Sh420,000 anazolipa, theluthi moja ni Sh140,000. Kwa kiwango cha 1994, mishahara ileile ingeipa VETA Sh240,000. Mwajiri analipa asilimia kubwa kuliko ile ya 1994, ilhali kwa kila shilingi ya mshahara fundi anapata kidogo kuliko mwaka huo.

Mikopo ya vyuo vikuu ni jambo jema, na taifa linahitaji wahandisi na madaktari. Hata hivyo, anayelipa mkopo huo kwa njia hii ni mwajiri aliyeambiwa kwamba anachangia ufundi stadi, na anayepungukiwa ni kijana aliyeishia darasa la saba au kidato cha nne. Haki ya jambo hili inastahili kujadiliwa bungeni kwa jina lake, badala ya kujificha ndani ya kanuni ya mgawanyo. Ni kweli pia kwamba serikali hupeleka kwenye ufundi fedha nyingine nje ya tozo: ujenzi wa vyuo vya VETA vya wilaya, ulioshika kasi miaka ya 2020, unatoka kwenye bajeti ya maendeleo.

Kinachofundishwa

Chuo cha Chang'ombe, Dar es Salaam, ndicho kinachofahamika zaidi. Njiro, Arusha, kuna chuo cha hoteli na utalii. Kipawa ni cha TEHAMA. Kihonda, Morogoro, hufundisha madereva. Na walimu wa ufundi wenyewe huandaliwa katika chuo chao mjini Morogoro. Kozi ndefu zina ngazi tatu. Kwa miaka mingi ada ya mwaka imekuwa Sh60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni, kiasi kisichofikia hata gharama ya chuma na vyuma vya kuchomelea anavyotumia mwanafunzi wa uchomeleaji. Tofauti inazibwa na fedha za umma. Hapo ndipo tozo inapoonekana kwa macho: mtoto wa mama lishe anaweza kutoka na cheti cha fundi umeme.

Zanzibar ina mamlaka yake ya mafunzo ya amali na tozo yake, na vyuo kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni Unguja, na Vitongoji Pemba.

Nani anaamua: mfano wa Kenya

Mwajiri wa Tanzania akitaka kuwafundisha wafanyakazi alio nao, mathalani kutumia mashine mpya iliyotoka bandarini, analipia mwenyewe. Tozo haimrudii. Kenya ilichagua njia nyingine. Mwajiri hulipa Ksh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), iliyorithi kazi ya idara ya zamani mwaka 2011, humrudishia sehemu ya gharama. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1999: asilimia 1 ya mishahara, na fungu lake humrudia mwajiri anayewasilisha mpango wa mafunzo.

Njia ya kurudishiwa inampa mwajiri sababu ya kufundisha. Kasoro yake ni kwamba fomu zinahitaji ofisi. Benki na kiwanda kikubwa vina afisa rasilimali watu anayejua madai yanaandikwaje. Mwenye karakana ya watu sita hana. Fedha inayofuata orodha ya mishahara huishia kwa walio kwenye orodha hiyo, na katika nchi zetu wengi wanaofanya kazi hawamo.

Jaribio lililothubutu kuvuka mpaka huo wa orodha ya mishahara lilifanyika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Jua kali, yaani mafundi wa sekta isiyo rasmi, walikuwa wamekwisha kutambuliwa kisiasa: Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda vya kufanyia kazi. Kilichokosekana ni mafunzo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianza mwaka 1997 kugawa vocha za mafunzo. Fundi alichangia kidogo tu, serikali ikabeba hadi asilimia 90 ya gharama, na yeye mwenyewe akachagua pa kwenda. Waandaaji wa mpango walitarajia vyuo vifurike. Badala yake mafundi wengi waliwachagua mafundi wakuu: fundi cherehani alikwenda kwa fundi cherehani mzoefu, kwa sababu alitaka mtu anayejua mteja wa soko la Gikomba anavaa nini. Mabingwa ambao hawakuwahi kuitwa walimu wakawa walimu wa kulipwa. Mpango ulikuwa na gharama kubwa za uendeshaji na ulichelewa kuanza, na fedha za mradi zilipokwisha nao ulikwisha. Lakini ulionyesha kwamba mtu wa chini akipewa nguvu ya kuchagua, anajua anachokitafuta.

Urasimishaji na uanagenzi

Tanzania nayo imewafikia wasio kwenye orodha ya mishahara kwa njia mbili. Ya kwanza ni urasimishaji wa ujuzi. VETA ilianza kuutengeneza kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, kwa fani kama useremala, uashi, upishi na uhudumu wa hoteli. Fundi aliyejifunzia kazini, aliyeanza kama saidia fundi akibeba zege na kuangalia mikono ya mkubwa wake, hupimwa kwa kazi yenyewe. Watathmini humhoji, humtazama akijenga au akiranda, huona pengo liko wapi: kusoma ramani, labda, au usalama kazini. Pengo hilo huzibwa kwa mafunzo mafupi, kisha hupimwa tena.

Ya pili ni uanagenzi chini ya Programu ya Kukuza Ujuzi, inayoendeshwa na Ofisi ya Waziri Mkuu tangu mwaka wa fedha 2016/17. Serikali humlipia kijana mafunzo, na sehemu kubwa ya muda wake hutumika kazini, chini ya fundi, badala ya darasani. Programu hiyo hiyo imebeba pia mafunzo ya kitalu nyumba kwa vijana wakulima na nafasi za uzoefu wa kazi kwa wahitimu wa vyuo.

Hizi mbili ndizo sehemu za mfumo zinazomfikia mtu ambaye jina lake halipo kwenye orodha ya mishahara ya yeyote, na ndizo zinazotegemea zaidi nia ya bajeti ya mwaka husika. Zingekuwa na fungu lililoandikwa kisheria, kama VETA ilivyokuwa nalo mwaka 1994, mwashi wa Mbagala asingesubiri mradi upite mtaani kwake ndipo apimwe. Cheti anachokipata akifaulu kinalingana na cha aliyekaa chuoni kwa ngazi hiyo, na kinamruhusu kuomba kazi penye sharti la cheti au kuendelea na ngazi inayofuata.