Kutoka Kabla ya Kuokolewa

Moto ukiwaka Fundo, gari la zimamoto haliji. Kisiwa hiki kiko magharibi ya Wete, Pemba, na watu huvuka kwa boti. Tangi la maji lenye magurudumu halivuki. Ndiyo maana napenda kulipimia hapa neno moja la Kiingereza linalowasumbua wanaotafsiri miongozo ya usalama wa majengo: evacuation.

Kwa watu wa zimamoto maana yake ni finyu. Waliomo ndani ya jengo wanatoka wote, kwa njia iliyopangwa mapema, mpaka mahali pasipo hatari, kabla moto au moshi haujawawahi. Asili yake ni Kilatini, kukiacha kitu kitupu. Kamusi hutupa kuhamisha na kuondoa. Kuhamisha kunafaa wakati wa mafuriko, serikali inapowatoa watu bondeni ikawapeleka kukaa kwingine. Mwanafunzi aliyetoka darasani akasimama uwanjani hakuhama. Na kuondoa kunataka mwenye kuondoa na mwenye kuondolewa, kana kwamba watu ni mizigo.

Linaloponza zaidi ni uokoaji. Tumelizoea kwa kuwa limo kwenye majina: Zanzibar kuna Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji, bara kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Majina hayo hayana kosa. Kuzima na kuokoa ndiyo kazi yao. Lakini ukibandika karatasi ya “mpango wa uokoaji” kwenye ukuta wa skuli, msomaji ataelewa kwamba wapo wenye kazi hiyo, na yeye ni wa kusubiri. Asubiri nani, na bahari iko katikati?

Mimi nashika kutoka kwa dharura. Mtendaji wake ni yule yule aliyemo ndani, na linakwenda sambamba na mlango wa dharura na njia ya kutokea, maneno ambayo watu wanayasema tayari. Wapo watakaolalamika kwamba ni la kila siku mno kuitwa istilahi. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake, maana amri ya kupigiwa kelele ndani ya moshi haifai kuwa neno la kutafutwa kamusini.

Kutoka, basi, kunataka mlango. Machi 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla yake yalitokea kama hayo Bombolulu, Kwale, na mwaka 1994 Shauritanga, Rombo, kote huko kwa wasichana. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unasema mambo ambayo mtu angedhani hayahitaji kusemwa: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda ipatikane angalau mita 1.2. Mlango unaofunguka kwa ndani hauna shida mtu anapotoka peke yake. Watu 50 wakiusukuma kwa pamoja, waliotangulia wanabanwa nao na hakuna tena wa kuuvuta.

Majumbani hesabu ni ile ile. Nyumba ya kwetu ina mlango wa mbele na mlango wa uani, kwa hiyo kwenye karatasi ina njia mbili. Nenda ukautazame wa uani. Ukikuta komeo limeshika kutu na gunia la mwani mkavu limeegemezwa, andika mlango mmoja.

Kisha kuna kusita, jambo ambalo michoro ya majengo haionyeshi. Muda wa kutoka hauanzi kwenye hatua ya kwanza. Unaanza pale mtu anaposikia kelele akajiuliza kama ni kweli, akatafuta kanga, akarudi kuchukua simu. Mei 1979 duka la Woolworths la Manchester, Uingereza, liliungua na watu 10 wakafa. Wapo waliokuwa mkahawani ambao hawakutaka kuacha chakula chao ingawa hatari ilikuwa wazi. Dawa ya kusita ni mazoezi, na ishara moja isiyo na maana nyingine. Kengele ile ile ya mapumziko haifai. Bora kengele ya moto ipigwe mfululizo bila kukoma, ama itumike mbiu.

Sehemu ya mwisho ya istilahi ni mahali pa kukusanyika, na hapa miongozo ya mijini inatuangusha. Huchora alama moja uwanjani, basi. Lakini paa la makuti likishika, cheche hubebwa na upepo mpaka paa la jirani, na upepo wetu haukai upande mmoja: kaskazi hutoka huku, kusi hutoka kule. Aliyekimbilia upande wa demani, kule upepo unakoelekea, amekimbia na moto. Wavuvi wanalo neno la upande unakotoka upepo, nalo ni joshini. Kwa hiyo mpango wa skuli ya Fundo uwe na vituo viwili, na amri iwe fupi: kusanyikeni joshini. Hakuna mtoto wa mvuvi atakayeuliza ni wapi.

Hapo mwalimu anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Wakitimia, kazi ya kutoka imekwisha. Jina lisiloitikiwa ndilo linaloanzisha uokoaji, na waokoaji wa mwanzo watakuwa majirani wenye ndoo, nao wanahitaji kuambiwa mambo mawili tu: nani hayupo, na alikuwa chumba gani.