Kabla Ununue Mota ya Kigari cha Gofu, Angalia Reli ya Nakuru

Wiki jana beste yangu alinionyesha picha ya kigari cha gofu kimezeeka, kinauzwa bei ya kutupa. Chama yao wanataka kukifufua kibebe wageni watatu watatu kwa shamba moja la mlimani, upande wa Menengai. Doo iko, na ni jasho la watu kumi na wawili. Yeye ashaamua: mota yenye wati mob, kontrola ya bei rahisi. Nikamwambia, buda, ngoja kwanza. Hii stori ilipita hapa kwetu kitambo.

Reli ilifika Kisumu 1901, ikiwa imepitia Nakuru. Miaka ya 1920 wakajenga njia ya Eldoret, na hapo ndipo mlima ukawa mlima. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Kwa miaka mingi treni zilipanda huko kwa mvuke. Halafu 1960 Reli ya Afrika Mashariki ikaleta vichwa vya dizeli kutoka kampuni ya Uingereza, English Electric.

Tunaziita treni za dizeli, lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Injini ya dizeli haikuzungusha magurudumu. Ilizungusha jenereta, jenereta ikatoa umeme, na umeme ukaenda kwa mota zilizo kwa ekseli. Yaani babu zetu walivutwa na mota za umeme hadi Timboroa, na sisi tunadhani hii teknolojia imefika juzi.

Mota za aina ile, umeme uleule unapita koili za nje na za ndani, moja baada ya nyingine. Uzuri wake ni kwamba zinasukuma kwa nguvu zaidi kitu kikiwa kimesimama. Ndiyo maana ukoo huo huo wa mota uliingia kwa vigari vya gofu kule Marekani, ambako E-Z-GO ilianza Georgia mwaka wa 1954.

Shida ilikuwa kuipimia mota umeme wake. Dereva wa treni aliongeza nguvu ya jenereta hatua kwa hatua. Kigari hakina jenereta, kina betri tu. Kwa hivyo vile vya zamani vilitumia resista: ukikanyaga kidogo, umeme unaobaki unageuka joto bure. Baadaye zikaja transista zinazofungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Hiyo ndiyo kontrola.

Sasa hesabu. Kigari, dereva na wageni watatu, tuseme kilo 680, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, betri ya volti 48. Kwa tambarare unakula kama ampea 11. Kwa mlima unaopanda mita 1 kila mita 10, unakula kama ampea 83. Karibu mara nane, msee!

Hapo ndipo namba kubwa kwa boksi inakudanganya. Kontrola inaweza kuandikwa ampea 300, lakini hizo ni za dakika chache. Uliza inabeba ngapi kwa saa nzima. Mota nayo, kwa mlima ule inatakiwa kutoa kilowati 3.2 bila kupumzika, na mota nyingi zimepimwa kwa urefu usiozidi mita 1,000 juu ya bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi, haipoozi vizuri. Ya kilowati 4 itakuwa inahema.

Najua kwa sababu niliunguza kontrola yangu mwenyewe, muda mfupi baada ya kuacha chuo. Nilisoma namba kubwa, ndogo nikaipita. Kosa langu, na pesa ilikuwa ya mamangu.

Beste yangu ana pointi moja: mota ya zamani ya brashi, fundi yeyote wa mtaani anaijua. Kweli. Kama njia ingekuwa tambarare, ningemwambia achukue hiyo na alale usingizi. Lakini wageni watashuka pia. Mota ya AC na kontrola yake husaidia breki na kurudisha umeme kidogo kwa betri ukiteremka. Breki za kawaida bado lazima ziwe sawa, hiyo hatubishani.

Kwa hivyo ushauri wangu: AC, kilowati 5 za kudumu, kontrola ya ampea zaidi ya 100 kwa saa nzima, na vyote viwili vinunuliwe pamoja vikiwa vimelinganishwa. Wati za kujionyesha zikatwe, pesa iende kwa kontrola.

Ameniambia atapeleka kwa kikao cha Jumapili. Wale kumi na wawili wakipiga kura ya bei rahisi, sawa, ni pesa yao. Lakini kabla ya kura, waende stesheni waangalie reli inaelekea wapi. Mlima haujahama.