Ua la Kwaresima

Huko Uingereza mna ua la mwituni, la manjano, liinamishalo kichwa kama mtu asaliye. Huitwa dafodili. Kwa kuwa huchanua kabla ya Pasaka, wazee wa huko waliliita yungiyungi la Kwaresima, wakisema hufunguka Jumatano ya Majivu na kunyauka Pasaka ifikapo.

Uzuri wake usikudanganye. Udongoni lina tunguu mfano wa kitunguu cha jikoni, nalo ni sumu: alilaye hutapika. Hata hivyo waganga wa kale walitumia matunguu ya jamii hii kutapisha wagonjwa, tena waliyasaga na asali kwa majeraha ya moto. Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba narsisi, jina la jamii yote, latokana na neno la Kiyunani la kufa ganzi.

Lakini tazama! Katika matunguu hayo wataalamu wamepata dawa ya galantamini. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha itumike kwa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi yawapokonyayo wazee kumbukumbu. Haiponyi, ila huwasaidia baadhi yao kwa muda. Ua lenye jina la ganzi lapigana na usahaulifu!

Je, nyumbani kwako yuko mzee aulizaye jambo lile lile mara tano, hata jina lako amelisahau? Usimcheke, wala usimwite mchawi. Mjibu mara ya sita kwa upole, kisha mpeleke kwa daktari. Yeye akisahau, Mungu hamsahau, nawe usimsahau.