Mwiba uliohama bila mkataji wake

Katika vijiji vya Wales, Ireland na Brittany kule Ufaransa kulikuwa na kichaka cha miiba ambacho watu walikigombea. Ni gosi, kwa jina la kitaalamu Ulex europaeus, ndugu wa kunde na mbaazi, ingawa ukilitazama huwezi kuamini udugu huo. Mche wake huchipua na majani laini ya vipande vitatu. Ukikua kidogo tu, majani yanageuka miiba ya kijani, migumu, inayopenya suruali. Juu ya miiba hiyo huchanua maua ya manjano karibu mwaka mzima, na jua likiyapiga yananukia nazi. Nazi hasa, tena kwenye nyika za baridi na ukungu ambako mnazi hauoti.

Nyika hizo zina udongo wa kichanga usiofaa nafaka. Nyingi zilikuwa ardhi ya pamoja, na maskini asiye na msitu alipata kuni humo. Gosi lina mafuta; likikauka huwaka ghafla kwa moto mkali, ule unaotakiwa kwenye tanuri la mkate au la chokaa. Kwa hiyo vijiji viliwekeana masharti: nani akate, akate kiasi gani na msimu gani. Thomas Hardy, katika riwaya yake ya mwaka 1878, The Return of the Native, anamtoa Clym Yeobright kwenye biashara ya almasi mjini Paris, anamrudisha kwao na kumtia kwenye kazi ya kukata gosi baada ya macho yake kudhoofika. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa kazi hiyo ni ya daraja gani.

Wanyama nao walilitegemea. Nyasi zilipokwisha wakati wa baridi, machipukizi ya gosi yalikuwa bado mabichi, na farasi na ng'ombe walilishwa hayo. Lakini kwanza miiba ilipaswa kuvunjwa. Mtu aliyaweka machipukizi kwenye hori, akayaponda kwa nyundo nzito ya mbao mpaka yawe laini kiasi cha kushikika mkononi. Wales walifika hatua ya kujenga vinu vya maji kwa ajili ya kazi hiyo tu. Ni jasho jingi kwa chakula cha farasi, na ninaitaja kazi hiyo kwa sababu historia yote iliyofuata imeegemea hapo. Kichaka kilichokatwa kila mwaka, kikachomwa, kikapondwa na kuliwa, hakikupata nafasi ya kutawala.

Wazungu walipohamia ng'ambo walibeba mbegu zake. Charles Darwin alipofika kituo cha wamisionari cha Waimate, New Zealand, Desemba 1835, alilikuta gosi limeshapandwa kuwa wigo, akaliorodhesha pamoja na matunda na mboga zilizotoka Ulaya. Kwa mlowezi lilikuwa chaguo la busara: mbao na waya vilikuwa ghali, na kondoo hapiti kwenye ukuta wa miiba. Katika nyanda za Canterbury nyua za gosi zilitanda kutoka shamba hadi shamba.

Kilichohama ni mbegu. Mundu, hori na kinu vilibaki Ulaya, na wadudu wanaolila vilevile. Huko New Zealand hewa ni ya wastani, na sehemu nyingi gosi likaanza kutoa mbegu mara mbili kwa mwaka. Maganda yake yakikauka hupasuka kwa mlio siku ya jua kali na kurusha mbegu pembeni, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 30 zikiwa hai. Ukichoma, zinaamka. Kufikia mwaka 1900 sheria ya nchi hiyo ililitaja miongoni mwa magugu mabaya.

Hata hivyo wakulima wengi walikuwa bado wanauhitaji wigo wao, na mvutano huo ulionekana wazi mwaka 1931. Wataalamu walipoagiza mdudu wa kulidhibiti, walimchagua fukusi anayekula mbegu tu, ili kichaka chenyewe kisidhurike. Fukusi huyo hufanya kazi majira ya kuchipua. Mbegu za vuli hazigusi. Binafsi naona hapa ndipo nafasi ilipopotea: nchi ilitaka kulizuia gosi na kulitunza kwa wakati mmoja.

Marekani ililipa kwa roho za watu. Mji wa Bandon, pwani ya Oregon, ulipewa jina la mji wa Ireland alikotoka George Bennett, mlowezi aliyefika mwaka 1873 na anayetajwa kuwa ndiye aliyelileta gosi. Likajaa kwenye viwanja vitupu na kandokando ya nyumba. Tarehe 26 Septemba 1936 moto wa msituni ulisukumwa na upepo hadi mjini. Ulipolifikia gosi, maji ya wazimamoto hayakufua dafu. Watu walikimbilia ufukweni huku mji ukiteketea, na wasiopungua 10 walikufa. Mafuta yaliyokuwa yakiivisha mkate Ireland ndiyo yaliyoubeba moto ule nyumba kwa nyumba.

Wakazi wa Baringo, Kenya, hawana haja ya kufafanuliwa zaidi hatari ya mmea wa kigeni. Mti wa mathenge nao ni wa jamii ya mikunde, una miiba, na uliletwa kwao miaka ya 1980 kwa nia njema.

Njia ambayo imenivutia kuliko zote ni ya Hugh Wilson, mtaalamu wa mimea wa New Zealand. Mwaka 1987 alianza kusimamia hifadhi ya Hinewai, katika rasi ya Banks, kwenye shamba lililofunikwa na gosi, akatangaza kwamba hataling'oa. Wafugaji majirani walimwona amepotoka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: gosi haliwezi kuishi kivulini. Kama mikunde mingi linarutubisha udongo, na chini ya miiba yake miche ya miti ya asili hupata hifadhi. Ndege huleta mbegu, miti inapanda, na ikishalipita kimo inalifunika likafa. Inachukua miongo kadhaa, na masharti ni mawili: pasiwe na mbuzi wala kondoo, na moto usiingie.

Sharti la pili lilivunjika Julai 2011, radi ilipowasha moto ulioteketeza hekta zipatazo 330. Gosi likachipua tena kwenye majivu, na Hinewai wakaliacha lianze upya kuilea miti. Mfugaji wa upande wa pili wa uzio, ambaye kondoo wake wanataka nyasi mwaka huu, anaendelea kunyunyizia dawa.