Askari wa Kenya na Kinga Dhidi ya Ubaguzi

Nchi jirani ya Kenya ilipojipatia uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba yake, iliyojadiliwa Lancaster House mjini London, ilipiga marufuku ubaguzi. Katika Katiba ya 1969 marufuku hayo yakawa kifungu cha 82. Kabila, rangi, imani, siasa na mahali pa asili vilitajwa, jinsia haikutajwa. Ndoa, talaka, mazishi na mirathi navyo viliachwa nje, yaani pale pale mwanamke anapoumizwa zaidi.

Kwa askari pengo lilikuwa kubwa kupita hilo. Kifungu cha 86 kilieleza kwamba sheria za nidhamu za majeshi hazingehesabiwa kuwa zimevunja haki za raia, isipokuwa tatu tu: haki ya kuishi, ya kutofanywa mtumwa na ya kutoteswa. Kinga dhidi ya ubaguzi haikuwamo. Aliyekabidhiwa bunduki ailinde Katiba hakuweza kuitumia Katiba hiyo hiyo kuipinga sheria ya nidhamu iliyombagua. Na jeshi lenyewe lilirithiwa kutoka King's African Rifles, ambamo Waingereza waliwapendelea Wakamba na Wakalenjin kwa madai kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana. Ni dhana isiyo na msingi, lakini iliwafaa wakoloni.

Neno jinsia liliongezwa mwaka 1997, baada ya miaka 34. Kisha ikaja Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Ibara ya 24 inaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi na polisi haki fulani: faragha, kujiunga na vyama, mikutano na maandamano, haki za kazi, za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Orodha inakoma hapo. Ibara ya 27, inayohusu usawa, haimo ndani yake. Aidha Ibara ya 241 inataka ukamanda wa majeshi utokane na sehemu na makabila mbalimbali ya nchi. Ya 246 inadai vivyo hivyo kwa polisi.

Maandishi hayo yalijaribiwa upesi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha uandikishaji wa askari polisi wapya wapatao 10,000, kwa sababu ulijaa rushwa na kuvunja Katiba. Penye hongo mtoto wa maskini hubaki nje ya lango, awe wa kabila lolote. Serikali ilikata rufani. Mwaka 2015 ikashindwa tena.