Josina Machel: kamanda asiyekuwa na nyota begani

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, ukatazama kusini, unaliona bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na uwanda wa Mueda, ambako Wamakonde ni walewale. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, mpaka huo ukawa njia ya wakimbizi kuja huku, na njia ya silaha kwenda kule.

Silaha hizo nyingi zilibebwa na nani? Wanawake. Masanduku ya risasi kichwani, siku kadhaa porini. Lakini kubeba risasi ni jambo moja, kuruhusiwa kuipiga ni jambo jingine kabisa. Ilifika Oktoba 1966 ndipo Kamati Kuu ya FRELIMO ikaamua kwamba wanawake nao wafunzwe kijeshi. Mwaka 1967, wasichana 25 wakaingia kambini Nachingwea, jirani na Masasi. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba.

Huyu hakuwa mtu wa uwanda. Alizaliwa Inhambane, kusini ya mbali, tarehe 10 Agosti 1945. Alijaribu kutoroka nchi mwaka 1964, akakamatwa Rhodesia, akarudishwa na kufungwa. Akajaribu tena, safari hii akafika Dar es Salaam. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa, akachagua Nachingwea. Tuseme ukweli, wangapi wetu tungechagua hivyo?

Kikosi cha Wanawake kililinda maeneo yaliyokombolewa, kikahamasisha vijiji, kikalea yatima wa vita. Upinzani haukutoka kwa Mreno peke yake. Ndani ya FRELIMO kwenyewe walikuwepo wazee na viongozi walioona binti kushika bunduki ni kuvunja mila. Binti akisimama mbele ya kijiji na kuwahutubia wanaume, hilo tu lilikuwa vita vya pili.

Mwaka 1969 Josina akawa mkuu wa Idara ya Mambo ya Jamii, akishughulikia watoto na vituo vyao. Mwaka huohuo, mwezi Mei, aliolewa na Samora Machel huko Tunduru, na Novemba akajifungua mtoto wa kiume. Aliendelea na safari za Niassa na Cabo Delgado huku mwili ukidhoofika. Alifariki Muhimbili tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25.

Basi, kuna watu wanaomkumbuka kama mke wa Samora tu. Tarehe zenyewe zinakataa: alishika bunduki miaka miwili kabla ya ndoa. Wengine watauliza, cheo chake jeshini kilikuwa kipi? Swali hilo nalo halimfai. Wapiganaji wa FRELIMO hawakuvaa nyota wala kuitana jenerali. Vyeo rasmi vilikuja baada ya uhuru, yeye akiwa kaburini. Kwa hiyo ukimtafuta kwenye orodha ya majenerali humpati, na ukimtafuta kwenye orodha ya wake wa marais unampata haraka mno.

Msumbiji huadhimisha 7 Aprili kama Siku ya Mwanamke. Ila njia yake ya kijeshi ilianzia kwetu, kwenye mchanga mwekundu wa kusini. Historia ya Masasi, Nachingwea na Newala ikiandikwa bila wale wasichana 25, itakuwa imeandikwa nusu.