Namba Tisa na Namba Kumi: Ndugu Wawili wa Jhansi

Desemba 1947, miezi minne baada ya India kupata uhuru, meli iliyotoka Bombay ilitia nanga Mombasa ikiwa na timu ya mpira wa magongo. Walioialika ni Wahindi wa Afrika Mashariki, nao walikuwa wametoa sharti moja zito: mshambuliaji Dhyan Chand awemo, la sivyo timu isijisumbue kupanda meli. Dhyan Chand alikuwa na miaka 42, umri ambao wachezaji wengi wa rika lake walikwisha kutundika magongo. Alikuja hivyo hivyo, akacheza, akafunga.

Sharti hilo halikumtaja mdogo wake, Roop Singh. Hilo lisingekuwa ajabu kama Roop angekuwa mchezaji wa kawaida aliyebebwa na jina la ukoo. Lakini miaka 15 kabla ya safari ile, kwenye mashindano makubwa kuliko yote duniani, ndugu hawa wa Jhansi, India, walisimama safu moja ya mbele, na aliyefunga mabao mengi zaidi alikuwa mdogo.

Mashindano hayo ni Olimpiki ya Los Angeles, 1932. Dunia ilikuwa imekabwa na mdororo wa uchumi, nauli ya kwenda California haikukamatika, na timu za magongo zilizofika zilikuwa tatu tu: India, Japan na wenyeji Marekani. Wahindi wenyewe walilazimika kucheza mechi za maonyesho njiani ili wachangishe fedha za safari. Agosti 4 waliifunga Japan 11-1. Wiki moja baadaye wakakutana na Marekani, na kilichotokea siku hiyo hakijawahi kufikiwa tena katika magongo ya wanaume ya Olimpiki: India 24, Marekani 1. Roop alifunga mabao 10. Dhyan alifunga 8. Ukijumlisha mechi zote mbili, Roop alikuwa na 13 na kaka yake 12. Kati ya mabao 35 ya India, 25 yalitoka nyumba moja. (Marekani, tusisahau, walirudi na medali ya shaba mifukoni baada ya kupoteza mechi zote mbili. Timu zikiwa tatu, hata wa mwisho hupanda jukwaani.)

Bila shaka mabao 24 dhidi ya timu changa hayapimi ubora wa mtu. Yanachoonyesha ni mgawanyo wa kazi. Enzi hizo magongo yalichezwa kwa mpango ule ule wa soka ya zamani: mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Kwa lugha ya wapenzi wa soka, Dhyan alikuwa namba tisa na Roop namba kumi, ubavuni mwa kaka yake upande wa kushoto. Atakayedhani kwamba namba tisa ndiye aliyengoja na namba kumi ndiye aliyepika, amekosea. Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume.

Keshav Dutt, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mara mbili, 1948 na 1952, na ambaye alikuwamo katika safari ile ya Afrika Mashariki, alimfananisha Dhyan na mchezaji wa sataranji: aliuona uwanja mzima, akajua kila mwenzake yuko wapi bila kugeuza shingo. Sifa iliyozoeleka ya Dhyan ni chenga, mpira ukionekana kama umenata kwenye gongo lake kwa gundi. Kuna hadithi hata ya gongo lake kuvunjwa huko Uholanzi ili kutafuta kama lina sumaku ndani. Hadithi tamu, yenye kila dalili ya kuungwa viungo. Wenzake waliocheza naye walikumbuka zaidi pasi zake. Inasimuliwa kwamba mara moja alimpenyezea mpira K.D. Singh, maarufu kama Babu, kisha akageuka na kuanza kurudi nyuma bila hata kutazama lango. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba asiyeweza kufunga kwa pasi kama ile hastahili kuwa kwenye timu yake.

Roop alikuwa wa namna nyingine. Yeye alikuwa na mkwaju. Alipiga kwa nguvu kutoka pembe ambazo wengine wangerudisha mpira nyuma, na yasemwa kaka yake alimwonya zaidi ya mara moja asije akaumiza mtu. Hata nje ya uwanja hawakufanana. Dhyan alikuwa askari wa kawaida aliyeandikishwa jeshini mwaka 1922, mtu wa kimya na nidhamu. Inasemekana hata jina la Chand, yaani mwezi, alibandikwa kwa sababu alifanya mazoezi usiku baada ya zamu, akisubiri mbalamwezi itoke. Roop alikuwa mtanashati. Familia husimulia kwamba nusura asiende Los Angeles kwa kuwa hakuwa na nguo za kumstahi mbele za watu, na kaka yake akatoa fedha zake kumnunulia kitambaa cha suti. Suti ile, kama kisa ni cha kweli, ilirudi na mabao 13.

Miaka minne baadaye walikuwa Berlin, safari hii Dhyan akiwa nahodha. Mwanzo haukuwa mzuri: katika mechi ya majaribio Ujerumani iliwachapa 4-1, na ikabidi Ali Dara aitwe haraka kutoka India kuongeza nguvu ya mbele. Mashindano yalipoanza hali ikageuka. Hungary 4-0, Marekani 7-0, Japan 9-0, kisha Ufaransa 10-0 katika nusu fainali. Fainali iliahirishwa siku moja kwa mvua, ikachezwa Agosti 15, 1936, kwenye uwanja uliolowa. Hadi mapumziko India iliongoza kwa bao moja tu. Kipindi cha pili Dhyan alivua viatu vyake vyenye njumu, na mechi ikaisha 8-1. Bao lile la Wajerumani ndilo pekee India ililofungwa katika mashindano yote.

Dhyan alifunga mangapi siku ile? Wapo wanaoandika matatu, wapo wanaoandika sita. Jina la Roop pia limo katika orodha ya wafungaji wa fainali, lakini ugomvi wa mahesabu unahusu mabao ya kaka yake peke yake, na huo ni ushahidi tosha wa mahali macho ya watu yalipokuwa yameelekea.

Berlin ndipo njia zao zilipoachana, ingawa wakati huo hakuna aliyejua. Dhyan alikuwa na miaka 30, na dhahabu ya tatu mkononi baada ya Amsterdam 1928 na Los Angeles. Alikwisha kuvuna. Roop alizaliwa Septemba 1908, na Olimpiki ya 1940 ingemkuta akiwa na miaka 31, karibu sawa na umri wa kaka yake pale Berlin, pengine akiwa yeye ndiye kiongozi wa safu ya mbele. Vita vikafuta Olimpiki ya 1940, vikafuta na ya 1944. Michezo iliporudi London mwaka 1948, Roop alikuwa anakaribia miaka 40. Vita viliwanyang'anya wote wawili, ila mkubwa alinyang'anywa ziada, na mdogo akanyang'anywa zamu yake.

Je, nani alikuwa bora? Dhyan mwenyewe alisema mdogo wake alikuwa mchezaji bora kuliko yeye, na wapo waliolichukua neno hilo kama lilivyo. Ni neno la kaka, na kaka hutakiwa kusema hivyo. Mkwaju wa Roop ulikuwa mkali zaidi, na kwa mechi moja ya kufa au kupona huenda kocha angemtaka yeye. Lakini magongo ni mchezo wa kuona nafasi kabla haijafunguka, na Dhyan aliiona tangu 1928, alipofunga mabao 14 katika Olimpiki yake ya kwanza, hadi alipokanyaga Mombasa akiwa na miaka 42. Dhyan alikuwa mkubwa zaidi. Kosa la historia ni kumweka mbali hivyo na wa pili wake.

Jina lao halikukomea kwao. Ashok Kumar, mtoto wa Dhyan, alikuwa katika kikosi cha India kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ambako India ilishika nafasi ya tatu kwa kuifunga Kenya 2-1. Nafasi ya nne kwa Kenya, nchi ambayo magongo yake yalikuzwa na vilabu vya Wahindi na Masingasinga wa Nairobi, si jambo dogo. Mwaka 1975 Ashok alifunga bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Pakistan.

Roop alifariki Desemba 1977, Dhyan akamfuata Desemba 1979. Siku ya kuzaliwa kwa Dhyan, Agosti 29, ni Siku ya Taifa ya Michezo ya India, uwanja wa taifa wa Delhi unaitwa kwa jina lake, na tangu 2021 tuzo kuu ya michezo nchini humo nayo inaitwa kwa jina lake. Roop alipewa uwanja mmoja katika mji wa Gwalior, alikotumikia jeshi. Ulijengwa kwa ajili ya magongo, kisha ukageuzwa wa kriketi, na Februari 24, 2010, Sachin Tendulkar alipokuwa mwanamume wa kwanza kufikisha mikimbio 200 katika mechi moja ya kimataifa ya siku moja, alifanya hivyo katika Uwanja wa Kapteni Roop Singh.